Ndege huusaidia mshubiri kuzaa mbegu

Katika eneo la Al Hail, wilayani Seeb, mkoa wa Muscat, mshubiri hupandwa bustanini kwa dawa na kwa pambo. Lakini uzazi wa mmea huo porini husaidiwa na mgeni ambaye wengi hawamtilii maanani: ndege.

Wataalamu wa mimea wanaamini kuwa asili ya alovera, mshubiri ujulikanao zaidi duniani, ni kaskazini mwa Oman, kwenye milima iliyo nyuma ya ukanda huo wa pwani.

Majani yake manene huhifadhi maji, na vitundu vyake vya hewa hufunguka usiku, joto linapopungua. Akiba hiyo huuwezesha kuchanua hata ardhi inapokuwa kavu.

Maua yake ya manjano yana umbo la mrija, na ndani yake mna maji matamu.

Chozi wa zambarau, ndege mdogo wa bustani za Muscat, ana mdomo mwembamba uliopinda. Ndege wa jamii yake hutua kwenye shina la maua na kunywa, huku chavua ikiwaganda kichwani. Wakihamia mmea mwingine, huiacha huko, na mbegu hutungwa.

Si ndege wote wanaofaa kila ua. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kuwa mishubiri yenye mirija mirefu hutegemea chozi, na ile ya mirija mifupi huhudumiwa zaidi na ndege kama shore na kwera.

Hata hivyo, mishubiri mingi haitungi mbegu kwa chavua yake yenyewe. Alovera ya bustanini huzalishwa kwa machipukizi, hivyo miche mingi huwa nakala ya mmea mmoja. Chozi hushiba, lakini mbegu hazipatikani, na ugonjwa ukiingia, miche yote huwa hatarini.

Porini, hatari kubwa ni uvunaji. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni mwaka 1986, na mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya mishubiri yote isipokuwa alovera. Kisiwa cha Pemba, chenye uhusiano wa karne nyingi na Oman, nacho kina mshubiri wake usioota kwingineko.

Mvunaji anayekata majani machache ya nje huuacha mmea uchanue tena. Anayeung'oa huwanyima ndege chakula, na mishubiri iliyobaki huipunguzia mwenza wa kubadilishana naye chavua.