Sare Iliyoachwa Mezani: Bingwa, Kompyuta na Vipimo vya Wodini

Mnamo Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa sataranji mwaka 1985, alikabiliana na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoweza kupima takriban mipangilio milioni 200 ya kete kwa sekunde moja. Mwaka uliotangulia, mjini Philadelphia, Kasparov alikuwa ameishinda kwa pointi 4 dhidi ya 2. Safari hii kompyuta ilipata pointi 3.5, naye 2.5.

Wengi hukumbuka mchezo wa sita, ambao Kasparov alishindwa kwa hatua 19 tu. Hata hivyo, kwa mhudumu wa afya, mchezo wa pili una mazingatio makubwa zaidi. Deep Blue ilicheza kwa utulivu uliomshangaza bingwa, ikambana hadi akakubali kushindwa. Asubuhi iliyofuata wenzake walimwonyesha kwamba angeweza kumtishia mfalme wa mpinzani mfululizo kwa malkia wake na kupata sare. Mwanya huo ulitokana na hatua ya kompyuta yenyewe. Kasparov hakuuona kwa sababu alikwisha kuamini kwamba mashine yenye ustadi kiasi kile isingeacha mwanya wowote.

Imani ya namna hiyo huingia pia wodini. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni huonesha tarakimu inayoaminika upesi. Lakini kidole kikiwa baridi, au kucha zikiwa zimepakwa rangi, tarakimu hiyo yaweza kupotoka; na kwa wenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuonesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo katika damu. Mgonjwa anayehema kwa shida huku kifaa kikionesha hali njema apimwe upya na achunguzwe kwa makini; asirudishwe nyumbani kwa ushahidi wa tarakimu peke yake.

Haimaanishi kwamba mashine zidharauliwe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zitumike kusoma picha za eksirei ya kifua katika kuwachuja watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Mahali pasipo na daktari wa kusoma picha, msaada huo ni mkubwa. Lakini kuchuja si kuthibitisha: anayeonekana kuwa na dalili bado huhitaji kipimo cha makohozi, na anayeambiwa picha yake ni safi, ilhali anakohoa, anakonda na kutokwa jasho usiku, bado astahili kusikilizwa.

Nawe mgonjwa, usione haya kusema, “Kipimo chasema niko salama, lakini mimi sijisikii hivyo.” Kauli hiyo si utovu wa adabu; ni taarifa ambayo mhudumu hawezi kuipata kwenye kioo cha mashine.