Mmea Usiongoja Usiku

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano aliniuliza: "Je, ni kweli kwamba taa za LED huulazimisha mmea kutoa maua?" Alikuwa amesikia habari za bangi ichanuayo yenyewe, ambayo katika nchi kama Kanada, iliyohalalisha zao hilo mwaka 2018, hukuzwa ndani ya nyumba. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu laanzia kwenye tumbaku.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilionekana Marekani aina ya tumbaku iliyoitwa Maryland Mammoth. Wakati wa kiangazi ilirefuka kupita kimo cha mtu bila kuchanua, hali tumbaku nyingine zilikwisha kutoa mbegu. Wataalamu wawili, Garner na Allard, walichunguza joto, maji na rutuba bila kupata sababu. Mwaka 1918 walianza kuiingiza mimea katika kibanda cha giza kila alasiri na kuitoa asubuhi. Tumbaku ile ikachanua! Mwaka 1920 walitangaza kwamba urefu wa siku ndio uamuao.

Hata hivyo, walikosea nusu. Mwaka 1938 Hamner na Bonner walionyesha kwamba usiku mrefu ukikatizwa kwa mwanga wa muda mfupi, mmea wa namna hiyo hauchanui. Lakini mchana ukikatizwa kwa giza, hakuna linalobadilika. Kumbe mmea hupima usiku. Jina "mmea wa siku fupi" limebaki vitabuni, nasi walimu yatupasa kulifafanua kila mwaka. Kipokezi cha mwanga huo ni rangi iitwayo fitokromu, ambayo hugeuka umbo inapopigwa na mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi, na kurudi ilivyokuwa kwa mwekundu wa mbali, yapata nanomita 730.

Bangi ya kawaida ni mmea wa usiku mrefu. Mkuzaji huipa mwanga saa 18 ili ikue, kisha saa 12 ili ichanue. Lakini mwaka 1924 mtaalamu wa Urusi, Janischewsky, alieleza aina fupi ya porini aliyoiita Cannabis ruderalis. Kaskazini kule kiangazi ni kifupi. Mmea ungojao usiku urefuke huuawa na baridi kabla mbegu hazijakomaa. Ikabaki ile iliyochanua kwa umri wake. Hiyo, hata ikimulikwa saa 18 au 20, huchanua baada ya wiki chache. Taa humpa chakula tu, tena kwa umeme mdogo kuliko taa za zamani. Sifa yenyewe ni fiche: ukizalisha ruderalis na bangi ya kawaida, kizazi cha kwanza hungoja usiku, na katika cha pili karibu mmoja kati ya wanne hachelewi. Mendel angefurahi.

Jambo hili latuhusu kuliko tunavyodhani. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima. Soya iliyozalishwa kwa nchi za kaskazini, ikipandwa huku, hudhani kiangazi kimekwisha. Huchanua ingali fupi na mavuno huwa haba. Mkulima hulaumu udongo au mvua. Brazili ilifanikiwa kuipeleka soya kuelekea ikweta baada ya watafiti kupata aina zinazochelewa kuchanua hata usiku ukiwa mrefu.

Mwalimu apendaye kulionyesha hili asitumie bangi, maana Kenya na Tanzania kuipanda ni kosa la jinai. Achukue vyungu viwili vya krisanthemu changa. Kimoja kiachwe gizani usiku kucha. Cha pili kiwashiwe taa kuanzia saa tano hadi saa tisa za usiku. Wanafunzi wahesabu majani na vitumba kila wiki, kwa muda wa miezi miwili.