Pampu za maziwa ya mama: mtaji uende kwenye za mkono au za umeme?

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya watoto wanaotaka kuingiza dukani pampu za kukamulia maziwa ya mama wana swali moja la kujibu kabla fedha haijatoka mfukoni: waagize za mkono au za umeme? Za umeme zinapendeza kwenye kabati la kioo, na faida ya kila moja inayouzwa ni kubwa. Za mkono zinaonekana duni. Hata hivyo, kwa mwenye mtaji mdogo hapa nchini hesabu inaelekea upande wa mkono, na sababu si bei peke yake.

Kwanza soko lenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita, yaani siku zipatazo 180. Hata mama aliyeanza likizo siku ile ile ya kujifungua anarudi kazini zikiwa zimebaki karibu siku 100. Pengo hilo la siku 100 ndilo soko la pampu.

Sheria hiyo inamtaka pia mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ni haki nzuri, lakini anayefanya kazi Posta na kuishi Kibaha hawezi kwenda na kurudi ndani ya muda huo. Asipokamua kazini maziwa hupungua, kwani mwili hutengeneza kwa kadiri yanavyotolewa. Kinachofuata ni kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo hununuliwa tena na tena hadi mshahara unalia.

Kwa hiyo mteja ni mwajiriwa: karani, mwalimu, muuguzi, mhudumu wa benki. Mama lishe au mwenye genge, ambaye mara nyingi yuko na mtoto wake mgongoni, si wa kutegemewa sana. Anayepiga hesabu ya mauzo kwa idadi ya watoto wanaozaliwa atajaza stoo bidhaa isiyotoka.

Mshindani asiyetoza senti

Mshindani mkubwa wa pampu zote mbili ni mkono wenyewe. Kukamua kwa vidole hakugharimu kitu, na wakunga hufundisha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2016 yaliona kuwa kukamua kwa mkono na kutumia pampu za bei nafuu huweza kufanya kazi sawa na pampu kubwa za umeme, au hata kuzishinda, kwa baadhi ya vipimo. Muuzaji anayemwambia kila mteja kwamba ya umeme lazima itoe maziwa mengi zaidi anauza maneno.

Kinachouzwa hasa na pampu ya umeme ni muda. Zile zenye faneli mbili hukamua matiti yote kwa pamoja, wakati ya mkono hufanya moja baada ya jingine na mpini wake huchosha kiganja. Mama anayekamua mara moja au mbili kwa siku ya kazi atatosheka na ya mkono. Mwenye mapacha, au ambaye mtoto wake njiti amelazwa na bado hawezi kunyonya, anahitaji kukamua mara nane au zaidi kwa saa 24. Huyo ndiye mteja halali wa pampu ya umeme, lakini idadi yake ni ndogo.

Sasa mtaji. Chukua mfano wa duka lenye sh. 1,200,000 za kuanzia. Iwapo pampu ya umeme inanunuliwa kwa sh. 120,000 na ya mkono kwa sh. 30,000 (tarakimu hizi ni za mfano tu, bei hufuata chapa na dola), fedha hiyo inaleta 10 za umeme au 40 za mkono. Ya umeme moja ikirudishwa mota imekufa, sehemu ya kumi ya mtaji imeondoka. Ya mkono ikivunjika mpini, hasara ni sehemu ya arobaini. Mgawanyo wa busara kwa duka la aina hii ni kuweka za mkono ziwe nyingi, na za umeme mbili au tatu za kuonyesha na kuagiziwa.

Umeme nao una mambo yake. Pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inaweza kuja na chaja ya volti 120, wakati umeme wa hapa ni volti 230. Chaja isiyoandikwa 100-240 ikichomekwa ukutani, mteja anarudi na moshi mkononi. Zenye betri ya kuchajiwa zina nafuu, na waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Ya mkono haina habari na TANESCO.

Faida iliyojificha kwenye spea

Jambo ambalo wauzaji wengi hulipuuza ni vipuri. Vali na viwambo vya mpira huchakaa, na vikilegea pampu haivuti tena. Mteja hudhani maziwa yamekauka kumbe ni kipande kidogo cha mpira. Faneli nayo ina vipimo: 21, 24, 27 na 30 milimita ni vya kawaida, na pampu nyingi huja na 24 pekee. Isiyolingana na chuchu huumiza na kupunguza maziwa. Duka lenye vipimo vyote na viwambo vya chapa linayoiuza litamwona mteja yule yule mara tatu au nne. Lisilo navyo litamwona mara moja, akiwa na malalamiko.

Vivyo hivyo kwa vifaa vya kuhifadhia. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam hupita hapo karibu kila mchana. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Kwenye kifuko cha baridi chenye barafu hukaa hadi saa 24, muda unaotosha kutoka ofisini hadi nyumbani hata foleni ikiwa mbaya. Anayeuza pampu bila kifuko hicho anamwachia jirani nusu ya biashara.

Kuna mali mbili za kukaa nazo mbali. Ya kwanza ni pampu ya mpira wa kubonyeza kama honi ya baiskeli. Ni rahisi sana, lakini mvuto wake haudhibitiki, maziwa huingia ndani ya mpira na kuusafisha ni kazi. Ya pili ni ya mtumba. Pampu nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa mama mmoja tu, na zile ambazo maziwa yanaweza kupenya hadi kwenye mota hazisafishiki kwa sabuni wala maji ya moto.

Tahadhari nyingine ni ya kisheria. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 1981 kuhusu biashara ya vyakula mbadala wa maziwa ya mama inagusa pia chupa za kunyonyeshea na chuchu zake, na Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Pampu nyingi huja na chupa ndani ya boksi. Bango la "nunua pampu, chupa ya pili bure" linaweza kumletea mwenye duka wageni asiowatarajia. Kabla ya kuagiza kwa wingi, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) iulizwe masharti yake, na wakala wa forodha aseme mapema bidhaa inaingia kundi gani la ushuru.

Kwa wenye mtaji mkubwa zaidi, macho yaelekezwe Kenya. Sheria ya Afya ya huko ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge sehemu ya kunyonyeshea na kukamulia, yenye mahali pa kunawa, friji na soketi za umeme kwa ajili ya pampu. Katika ofisi zilizotekeleza hilo, hoja dhidi ya pampu ya umeme inapungua nguvu, na mnunuzi anaweza kuwa kampuni badala ya mama mmoja mmoja. Anayewania oda za namna hiyo aweke akiba ya kumvusha hadi hundi itoke.