Mfungwa Anayejilisha Mwenyewe

Magereza hutofautishwa kwa kiwango cha ulinzi, na katika ngazi ya chini kabisa lipo gereza la wazi, yaani lile ambalo halitegemei kuta wala minara ya askari wenye bunduki, bali hutegemea nidhamu ya mfungwa mwenyewe kwamba hatatoroka. Kanuni ya 89 ya Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inalitaja gereza la namna hiyo kuwa lenye mazingira yafaayo zaidi kumrekebisha mfungwa aliyechaguliwa kwa uangalifu. Miongoni mwa yale yaliyoifuata njia hiyo kwa ujasiri mkubwa ni gereza la Sanganer, pembezoni mwa jiji la Jaipur katika jimbo la Rajasthan nchini India, lililoanzishwa mwaka 1963 na kupewa jina la Sampurnanand, gavana wa jimbo hilo wakati huo, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameanzisha kambi za wazi za wafungwa katika jimbo la Uttar Pradesh.

Hakuna anayepelekwa Sanganer moja kwa moja kutoka mahakamani. Kanuni za Rajasthan za mwaka 1972 zinamtaka mfungwa awe kwanza ametumikia theluthi moja ya kifungo chake katika gereza la kawaida, tena kwa mwenendo mwema. Msomaji huenda akashangaa kusikia kwamba wakazi wengi wa gereza hilo walihukumiwa kwa kosa la kuua na wanatumikia kifungo cha maisha, lakini mshangao huo hupungua akikumbuka kwamba mauaji mara nyingi huzuka katika ugomvi wa mara moja, wa shamba au wa ukoo, na aliyeyatenda si lazima awe mhalifu sugu.

Kiini cha mpango huu ni kwamba serikali humpa mfungwa mahali pa kukaa, kisha haimlishi. Mfungwa huishi na mkewe au mumewe na watoto katika nyumba ndogo, huitikia jina lake asubuhi, hutoka kwenda kutafuta riziki mjini, na hurudi jioni kuhesabiwa tena. Chakula, umeme na mahitaji ya shule ya watoto hulipwa kutokana na jasho lake. Wapo wanaofanya kazi viwandani, wanaolinda majengo, wanaoendesha magari na wanaouza bidhaa ndogondogo.

Kazi za gerezani zenyewe si jambo geni nchini India. Zulia kubwa lililotandikwa katika Ukumbi wa Waterloo wa kasri la Windsor, Uingereza, lilifumwa na wafungwa wa gereza la Agra mwishoni mwa karne ya 19, na hakuna shaka kwamba walikuwa mafundi hodari. Hata hivyo, karakana ya gereza la kawaida, hata ikifundisha useremala au ufumaji vizuri namna gani, haiwezi kumfundisha mtu kumtafuta mteja, kupatana bei, kumvumilia mwajiri mkorofi na kuugawa mshahara ufike mwisho wa mwezi, na haya ndiyo yanayomshinda mtu aliyekaa kifungoni miaka 10 akila chakula asichokinunua. Sanganer humrudishia mzigo huo angali chini ya uangalizi.

Utawala wa ndani nao una sura yake. Katika magereza mengi mfungwa huwekwa chini ya nyapara, mfungwa mwenzake aliyeteuliwa na wakubwa, ilhali wakazi wa Sanganer huwa na baraza lao, liitwalo panchayati kwa kufuata baraza la kijiji cha Kihindi, linalosaidia kuhesabu watu na kusuluhisha ugomvi. Kwa sababu hiyo askari wachache tu hutosha, na gharama kwa serikali huwa ndogo mno ikilinganishwa na ya gereza lenye kuta.

Uchache wa wanaotoroka, hata hivyo, usihesabiwe wote kuwa ni kazi ya gereza, kwa kuwa wafungwa walikwisha kuchujwa kabla ya kufika. Pia mlango wenyewe si mpana: katika majimbo kadhaa ya India kanuni ziliwafungia wanawake nje ya magereza ya wazi, na waajiri wengi bado husita wanapoambiwa mwombaji kazi anaishi wapi. Ardhi nayo imekuwa na wanaoitamani, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu Kabisa ya India ililazimika kuagiza eneo la Sanganer lisipunguzwe, pale sehemu yake ilipotakiwa kwa ujenzi wa hospitali.

Tatizo lililo gumu zaidi limetokana na mafanikio yenyewe. Mfungwa aliyemaliza kifungo huwa tayari ana kazi ya karibu na watoto wanaosoma jirani, lakini nyumba ni ya gereza na haki ya kukaa humo huisha siku anapokuwa huru, kiasi kwamba wapo waliokataa kuondoka na maofisa wakalazimika kuwatoa.