BREKI IKIPONA YENYEWE, USIIAMINI

Barabara ya kutoka Tukuyu huanza katika baridi ya mashamba ya chai, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ikateremka hadi Kyela kwenye mikakao na mpunga, karibu na Ziwa Nyasa, mita zipatazo 500. Kwa gari lolote mteremko huo ni mtihani. Kwa gari la fahari la miaka ya 1950 au 1960, ambalo siku hizi hutolewa bandani kwa ajili ya arusi, ni mtihani mkubwa zaidi.

Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyowapa wakubwa wa enzi zile jina la “wabenzi”. Ni mazito, na mengi ya wakati ule yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, breki ya mguu imekwisha. Marekani ililazimisha mifumo miwili katika magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1968.

Hebu tupige hesabu. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000, nguvu yake ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji, yaani ndoo mbili. Sehemu huliwa na upepo na injini. Inayobaki huzikabili breki.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na Kyela haina uhaba wa unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio huzama bila gari kusimama.

Breki zikipoa, kanyagio hurudi juu. Mwenye gari hushukuru Mungu, fundi haoni kasoro, na safari huendelea. Hapo ndipo penye hatari.

Fundi makini huanza kwa maswali. Je, kanyagio lilizama baada ya mteremko mrefu? Hushuku mvuke. Huzama polepole hata gari likiwa limesimama? Hutazama mipira ya masta silinda. Gari huvuta upande mmoja? Hukagua mpira upelekao mafuta gurudumuni, kwani huweza kuvimba kwa ndani ilhali nje unang’aa.

Ndugu msomaji, gari kulala bandani si dalili ya uzima. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, hata lisipotembea. Mlimani shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, wala usiikalie breki njia nzima. Wahenga walisema kawia ufike. Arusi yaweza kungoja saa moja.