Muzdalifa: usiku mmoja bila hema

Jua likishazama tarehe 9 Mfunguo Tatu, uwanda wa Arafa unaondoka wote kwa mkupuo. Watu waliosimama kwa dua tangu adhuhuri wanakunja mikeka, wanaitana majina, wanawahi mabasi na treni. Wengine wanashika njia kwa miguu. Umbali ni wa kilomita chache tu, ila kwa msongamano wa magari mtu anaweza kufika usiku umeshakwenda. Na akifika, hakuna chumba kinachomsubiri wala kitanda. Kuna ardhi ya kokoto, sakafu ngumu na mbingu.

Hiyo ndiyo Muzdalifa, bonde lililo kati ya Arafa na Mina, linalotajwa pia kwa jina la Mash'ar al-Haram katika aya ya 198 ya Suratul Baqara. Mwaka 2025 waliohiji walikuwa 1,673,230. Mwaka uliotangulia walikuwa 1,833,164. Chukua idadi ya watu wa jiji zima, uwatoe majumbani kwa usiku mmoja, uwalaze chini bega kwa bega: profesa ubavuni mwa mvuvi, bibi wa Pemba karibu na mwanafunzi wa Jakarta.

Jirani yake, Mina, ni mji wa mahema. Yako zaidi ya 100,000, meupe, yamepangwa safu kwa safu, na yametengenezwa kwa kitambaa kisichoshika moto. Tahadhari hiyo ilitokana na msiba wa Aprili 1997, moto ulipoteketeza mahema yapatayo 70,000 na kuua watu 343. Hujaji basi huwa na hema kabla ya Arafa na huwa nalo baada yake. Usiku wa kuamkia Idi peke yake ndio anaoukabili akiwa na shuka zake mbili za ihramu na kile alichobeba mkononi.

Utaratibu huo ni wa tangu Hija ya Mtume Muhammad (S.A.W.) mwenyewe. Alipoondoka Arafa alimpakia Usama bin Zaid nyuma yake juu ya ngamia, huku akiwahimiza watu watulie wasisukumane. Njiani alishuka, akatia udhu mwepesi. Usama akamkumbusha Sala, naye akamjibu kwamba Sala iko mbele. Walipofika Muzdalifa alisali Magharibi na Isha pamoja, kisha akalala hadi alfajiri. Msimulizi wa Hija hiyo, Jabir bin Abdillahi, hataji kisimamo cha usiku wala mawaidha marefu. Anasema alilala. Baada ya Sala ya Alfajiri ndipo aliposimama kwa dua mpaka kukapambazuka vizuri, akaelekea Mina kabla jua halijachomoza.

Kwa hiyo anayejilaza Muzdalifa akasinzia hajazembea. Anafuata mwendo wa Mtume wake, na mwili anauandaa kwa siku ya Idi: kutupa vijiwe, kuchinja, kunyoa na kutufu, yote ndani ya saa chache.

Lakini je, wazee na wagonjwa? Jibu lilitolewa usiku uleule wa Hija ya Mtume. Bibi Sauda, mkewe Mtume, alikuwa mzito wa mwili na mwendo wake wa polepole. Aliomba ruhusa ya kuondoka kabla ya umati, akapewa. Ibn Abbas, wakati huo kijana mdogo, naye alitangulizwa pamoja na wanyonge wa familia. Na Asmaa binti Abubakar alipohiji aliufanya mwezi kuwa saa yake. Alikuwa akisali, kisha anamuuliza aliyekuwa naye kama mwezi umeshatua. Alipoambiwa umetua, akaondoka. Mwezi wa usiku wa kumi hutua baada ya usiku wa manane.

Wanazuoni walijenga hukumu zao juu ya mapokezi hayo. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, kinachotakiwa ni hujaji awepo Muzdalifa sehemu yoyote ya nusu ya pili ya usiku, hata kwa kitambo kidogo. Kwa Mahanafi wakati wenyewe ni baina ya alfajiri na kuchomoza jua. Kwa Wamaliki inatosha kutua kwa muda wa kushusha mizigo. Mzee anayelazimishwa kukaa hadi asubuhi huku kifua kinambana anabebeshwa mzigo ambao dini ilishamtua.

Shida za usiku huo zinajulikana. Taa za nguzoni hazizimwi, na mwanamume aliye katika ihramu haruhusiwi kujifunika kichwa, hivyo hawezi kuvuta shuka usoni kama alivyozoea. Misururu ya vyooni ni mirefu. Joto nalo si la kupuuza: katika Hija ya 2024 kipimo cha joto Makka kilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu waliohiji bila vibali na hivyo kukosa hifadhi iliyoandaliwa. Saruji iliyochomwa na jua la namna hiyo haipoi mara tu giza linapoingia. Mambo yatabadilika kadiri Hija inavyorudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Katikati ya miaka ya 2030 itaangukia Februari, na wa kujihadhari nao utakuwa upepo wa usiku.

Halafu kuna vijiwe. Wengi hushuka kwenye gari na kuanza kuinama gizani wakitafuta vyote 49, au 70 kwa atakayebaki Mina hadi tarehe 13. Ukweli ni kwamba kwa siku ya Idi vinahitajika saba tu, kila kimoja ukubwa wa punje ya dengu au harage, na vilivyobaki vinaweza kuokotwa Mina. Mwenye magoti mabovu na aokote saba, alale.

Semina za Hija zinafundisha talbiya, tawafu na sai kwa ufasaha. Usiku huu nao unastahili somo lake, kwa vitendo. Anayempeleka mzazi wake amwekee kwenye begi la mkononi mkeka mwepesi, chupa ya maji, dawa zake za siku mbili na kandambili. Amwandikie jina na namba ya kiongozi wa msafara. Na kabla ya safari, amtandikie barazani usiku mmoja au miwili, alale chini hadi alfajiri, ili kiuno kisikutane na ardhi kwa mara ya kwanza Muzdalifa.