Ufundishaji wa Uakifishaji katika Darasa la Wanafunzi wa Viwango Tofauti

Uakifishaji ni miongoni mwa vipengele vya lugha andishi ambavyo hufundishwa mara nyingi na kueleweka mara chache. Katika shule nyingi za msingi nchini Kenya, mwalimu huziorodhesha alama ubaoni, akazitaja majina na matumizi yake, kisha akatoa zoezi moja kwa darasa zima. Zoezi likishasahihishwa, madaftari hurudi yakiwa yamejaa wino mwekundu, na wanafunzi hugawika katika mafungu mawili: wanaojua na wasiojua. Makala haya yanashikilia kwamba mgawanyo huo hausemi kweli. Wanafunzi wawili wanaweza kukosea kwa kiasi kimoja ilhali makosa yao yana vyanzo tofauti kabisa, na tiba inayomfaa mmoja ikamdhuru mwenziwe.

Mwanafunzi wa kwanza ni yule ambaye amekizungumza Kiswahili tangu utotoni, tuseme mtoto wa Mombasa au wa mtaa fulani wa Nairobi. Masimulizi yake hutiririka kama maji. Akiandika, huunganisha kila tukio kwa “halafu” na “na”, akafika mwisho wa ukurasa pasipo nukta hata moja. Wa pili ni yule ambaye Kiswahili alikutana nacho darasani. Husoma neno baada ya neno, na aandikapo hutia nukta mwishoni mwa kila mstari wa daftari, kana kwamba sentensi hukoma pale karatasi inapokoma. Waambie wote wawili kanuni iliyozoeleka, kwamba koma hutiwa mahali msomaji anapovuta pumzi. Wa kwanza hatatia koma yoyote, kwa kuwa hapumui. Wa pili atatia koma kila mahali, kwa kuwa kwake kila neno lina pumziko. Hata msomaji hodari hupotoshwa na kanuni hiyo. Katika “Watoto wote wa darasa letu walikwenda mtoni”, wengi hupumua kidogo baada ya “letu”, lakini koma ikitiwa hapo inamtenga mtendaji na kitenzi chake.

Sauti basi haitoshi, ingawa haiwezi kuachwa. Kiswahili chenyewe kinatoa msaada ambao walimu hawautumii ipasavyo, nao ni kitenzi. “Amelala” ni neno moja na ni sentensi kamili: mtendaji, wakati na tendo vyote vimo. Mwanafunzi anayeshindwa kujua sentensi inaishia wapi anaweza kuelekezwa avitafute kwanza vitenzi vyenye viambishi vya nafsi na wakati, avipigie mstari, kisha ajiulize kila kitenzi kinaongozana na maneno yapi. Yule wa “halafu” naye afundishwe -ka- ya masimulizi. “Akaamka, akanawa, akaondoka” haihitaji kiunganishi chochote, koma inatosha. Huyu hapungukiwi na lugha. Amepungukiwa na mahali pa kuikata.

Alama ya kiulizi inastahili uzito zaidi kuliko inaopewa. Ziko lugha ambazo swali hubadilisha mpangilio wa maneno. Katika Kiswahili, “Amekuja” ya taarifa, ya swali na ya mshangao ina herufi zile zile kwa mpangilio ule ule. Kinachozitofautisha mdomoni ni kiimbo, na katika maandishi ni alama peke yake. Mtoto aliyekaririshwa kwamba swali huanza kwa “Je” huikumbuka alama ya kiulizi anapoiona “Je” na kuisahau isipokuwapo.

Kwa darasa lenye viwango tofauti, kifungu kimoja kifupi kinafaa kuliko mazoezi matatu. Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa mwaka 2003, madarasa mengi ya shule za umma yamefurika, na mwalimu wa wanafunzi 60 hana muda wa kuandaa masomo matatu kwa kipindi kimoja. Aandike ubaoni maneno kama haya:

juma alirudi jioni akaweka mkoba akanawa mikono akaketi mama akamuuliza umewaona ng’ombe ndiyo mama wako mtoni

Mwalimu akisome kifungu kwa sauti mara mbili, kwa mwendo wa kawaida. Wale wanaotia nukta ovyo wapewe kazi moja tu: kutafuta sentensi zinapoishia na kuanza inayofuata kwa herufi kubwa. Wengine wakisome wawili wawili, mmoja akiwa mama na mwingine Juma, kisha watie alama za mtajo, kiulizi na koma. Waliokwisha kuzimudu alama hizo waachiwe maneno manne ya mwisho. “Ndiyo, mama, wako mtoni” ni jibu kuhusu ng’ombe. “Ndiyo, mama wako mtoni” haizungumzii ng’ombe tena. Inamtaja mama wa mtu fulani. Tofauti yote imebebwa na koma moja baada ya “mama”. Waeleze kwa maneno yao wenyewe kilichobadilika, kisha watunge sentensi nyingine ya namna hiyo. “Baba Juma amefika” na “Baba, Juma amefika” itawajia upesi, kwani watoto husikia wazazi wakiitwa kwa majina ya wana wao kila siku. Mwishoni darasa zima likisikilize kifungu kikisomwa kama kilivyoakifishwa. Anayejua nukta pekee husikia kazi yake ikitumika ndani ya kazi ya wenzake.

Makundi hayo yasiwe ya kudumu. Darasa likiwa na kundi la simba na kundi la kobe, kila mtoto anajua kobe ni nani, na anayeitwa kobe muhula mzima hatajaribu alama za mtajo. Ni afadhali makundi yapangwe kwa kosa la juma hilo. Mwanafunzi anayekosea nukta leo anaweza kuwa ndiye anayeisikia vyema alama ya hisi.

Istilahi nazo zina lawama yake. Alama moja huitwa koma, mkato, kipumuo au kituo; nyingine huitwa nukta, kitone au kikomo. Mwanafunzi hodari huyachukua majina haya kama visawe. Mwanafunzi dhaifu, akibadilishiwa kitabu au mwalimu, hudhani ameletewa alama mpya. Shule ichague jina moja kwa kila alama na kulishikilia hadi darasa la juu. Ritifaa ya “ng’” nayo haifai kungoja somo la uakifishaji. Hiyo ni sehemu ya tahajia, na mtoto anayejifunza kutofautisha “ngoa”, yaani wivu, na “ng’oa” anajifunza sauti, si alama.

Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, uliwazoesha wengi kuitambua sentensi iliyoakifishwa vyema miongoni mwa nne. Kutambua si kutenda. Yupo mwanafunzi aliyechagua jibu sahihi la swali hilo na kuandika insha isiyo na nukta siku ile ile, na mazoea hayo ya kufundisha hayakuondoka pamoja na mtihani.

Wanafunzi wa ualimu wanaokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha huandika katika maandalio yao kwamba, kufikia mwisho wa dakika 35, “mwanafunzi aweze kutumia alama zote za uakifishaji”. Lengo hilo halifikiki hata kwa mwanafunzi bora. Linaweza kuandikwa hivi: kundi hili litambue mwisho wa sentensi, hili litie koma baada ya jina la anayeitwa, na hili lieleze maana inayobadilika koma ikiondolewa. Katika kusahihisha pia, wino mwekundu ugonge kosa lililofundishwa juma hilo tu. Mengine yaandikwe katika daftari la mwalimu, yangoje zamu yake.